Bomba lililokuwa linapiga shoti alfajiri tu: kisa cha jengo la flati 24 na ethi iliyopotea

Kisa hiki kilianza na bomba la maji. Mama mmoja wa ghorofa ya 4 aliwaambia kamati ya jengo kwamba akifungua bomba la sinki huku amekanyaga sakafu ya bafuni iliyolowa, mkono unasisimka mpaka kwenye kiwiko. Kamati wakanipigia mimi, fundi umeme. Jengo lina ghorofa 6, kila ghorofa flati 4, umri wake umepita miaka 40 na wayaringi ya ngazini haijaguswa tangu siku lilipojengwa, ukiacha viraka vya hapa na pale.

Nikaenda saa 7 mchana. Nikapima bomba, hamna kitu. Nikapima soketi zake, nikafungua swichi ya bafuni, kavu kabisa, nikamwambia mama kwa sasa sioni shida ila ikirudi anipigie. Kesho yake alfajiri akanipigia, na alikuwa na hasira ambayo mpaka leo naiona ni haki yake. "Fundi mwanangu, wewe unakuja mchana watu wote wako kazini. Hili linapiga alfajiri nikiamka, na usiku watu wakisharudi."

Hayo maneno ndo yalikuwa kipimo chenyewe. Kitu kinachopiga asubuhi na usiku halafu mchana kimelala, hicho ni kitu ambacho mtu anakiwasha asubuhi na usiku, na kwenye jengo la flati kitu cha namna hiyo mara nyingi ni hita ya maji ya kuoga. Na si lazima iwe hita ya huyo anayepigwa.

Siku iliyofuata nikafika saa 11 na nusu alfajiri. Safari hii sikutaka kupima bomba kwa kulinganisha na ethi ya soketi, yani ule waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, kwa sababu kama ethi yenyewe imeharibika basi bomba na soketi vyote vinapanda pamoja na mita inakwambia sifuri, na hapo ndo ningedanganyika siku ya kwanza hata kama hita ingekuwa imewashwa. Nikapigilia chuma ardhini nje ya jengo, mbali kidogo na ukuta, nikavuta waya mrefu mpaka ghorofa ya 4 kupitia dirishani, nikapima bomba dhidi ya ule waya. Volti 94. Maltimita ya kidijitali huwa inadanganya kwenye vipimo vya hivi, ukinzani wake wa ndani ni mkubwa sana, kama megaomu 10, kwa hiyo inaokota hata volti za hewani tu zisizo na nguvu. Nikachukua tesita ya ncha mbili yenye kuweka mzigo, ikashuka mpaka 87 ikasimama hapo. Sio volti za hewani hizo.

Tupige hesabu kidogo. Mwili wa mtu ngozi ikiwa imelowa unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1000 hivi, saa nyingine chini ya hapo. Volti 87 kwenye omu 1000 ni miliampea 87. Swichi ya kugundua umeme unaovuja, hii tunayoiita RCD, ile ya kulinda watu imewekwa kiwango cha miliampea 30 kwa sababu kuanzia hapo moyo unaanza kuwa hatarini kama karenti itaendelea kupita. Huyu mama alikuwa anavaa ndala za mpira bafuni, siku moja moja anazisahau. Naamini ndala ndo zilizomlinda muda wote huo.

Tukaanza kutafuta. Mwenyekiti wa kamati anakaa ghorofa ya 6, alikuwa ameshaamka na ndo mwenye funguo za kwenye mita, nikaanzia kwake. Flati yake ni moja ya flati 5 ambazo wenyewe walizikarabati miaka ya karibuni, waya mpya, bodi mpya ya breka, RCD ya miliampea 30, kazi safi na nilimwambia hivyo. Nikabonyeza kitufe cha kujaribia RCD, ikakata palepale. Halafu nikapima bodi ya chuma ya mashine yake ya kufulia dhidi ya waya wangu wa nje. Volti 80 na kitu. Akaniangalia. Nikamwambia zima mein swichi yako, akazima, flati nzima giza, nikapima tena: volti zilezile.

Alisimama pale kimya. Mtu ametumia hela nyingi ili familia yake iwe salama, amezima umeme wake wote, na mashine bado ina umeme.

Umeme huo haukuwa wake, ulikuwa unaingia kwake kupitia waya wa ethi, na waya wa ethi haupiti kwenye swichi yoyote, unakwenda moja kwa moja kwenye bodi za vyuma vya vifaa vyote. RCD nayo kazi yake ni kulinganisha karenti inayotoka kwenye laivu na inayorudi kwenye nyutro ya flati hiyo, zikipishana inakata. Umeme uliotoka kwa jirani ukapanda kwenye ethi ukampitia mtu ukaenda sakafuni, haukugusa laivu yake wala nyutro yake, kwa hiyo RCD haina cha kuona. Ni nzima, inafanya kazi, na haikulindi. Watu wengi wakikarabati flati yao peke yao hawaambiwi hili na mimi nadhani fundi anayeijua hali hii akanyamaza anafanya kosa kubwa.

Tukaendelea kuzima flati moja moja kwenye mita huku kijana mmoja ameshika tesita bafuni kwa yule mama. Tulipozima flati moja ya ghorofa ya 5, volti zikaanguka. Wanakaa wazazi vijana wana mtoto mdogo, na hita ilikuwa imewashwa kwa ajili ya kumuogesha. Tukaifungua. Elementi ya hita ni waya wa moto uliozungushiwa unga wa madini ndani ya bomba dogo la chuma, ganda likipata ufa maji yanaingia, unga unalowa, umeme unaanza kuvuja kwenda kwenye chuma cha tanki. Na hita inaendelea kuchemsha maji vizuri tu, mwenyewe hana sababu ya kuishuku. Ndo maana pia tulipata volti 94 badala ya 230: ufa ulikuwa sehemu ya katikati ya elementi.

Sasa swali ambalo kila mtu aliuliza, kwa nini fyuzi haikukata? Hapo ndo jengo lenyewe linaingia kwenye kisa.

Zamani lilipojengwa, ethi ya kila flati ilikuwa waya wa shaba uliobanwa kwa klampu kwenye bomba kuu la maji pale ngazini, bomba la chuma linalotoka ardhini. Majengo mengi ya zamani yalifanywa hivyo na kwa wakati ule ilikubalika, bomba refu la chuma lililozikwa ardhini lilikuwa linashika ardhi vizuri. Halafu miaka ikapita, chuma kikaoza sehemu ya chini, maji yakaanza kuvuja, mafundi bomba wakaitwa wakakata chuma kuanzia linapoingia jengo mpaka juu ya ghorofa ya 2 wakaweka plastiki. Kazi yao kwa upande wa maji ilikuwa nzuri. Ila siku ile ile jengo zima lilipoteza ethi na hamna aliyejua, wala fundi umeme hakuitwa. Nyaya za ethi za ghorofa za 1 na 2 nilizikuta zinaning'inia hewani na klampu zake bado zimo. Za ghorofa ya 3 mpaka ya 6 zilikuwa zimebana kwenye kipande cha chuma kinachoelea, hakijagusa ardhi popote, yani flati 16 zimeunganishwa pamoja vyuma vyake vyote na hakuna njia ya kutokea. Kosa la flati moja linakuwa la flati 16. Fyuzi inahitaji karenti kubwa ndo iungue, na karenti kubwa inahitaji njia ya kurudi. Njia haikuwepo, ikabaki kungoja mtu mwenye miguu mibichi.

Siku hiyo hiyo hita ikaondolewa kwenye umeme, na wikiendi tukapima hita za flati zote tulizoweza kuingia kwa mega, kifaa cha kupima kama umeme unavuja kupita ganda la waya, tukakuta nyingine 2 zimeanza kuvuja. Ethi mpya sikusubiri kikao cha kamati, niliwaambia hii nafanya kesho, habari ya nani analipa mtaongea baadaye. Vyuma 3 ardhini vimeachana kwa umbali unaozidi urefu wa chuma chenyewe, vikaunganishwa kwa waya mnene wa shaba mpaka kwenye bodi kuu, halafu bomba la chuma lililobaki nalo likafungwa hapo. Nilipopima nikapata omu 18.

Omu 18 inasikika nzuri lakini haitoshi yenyewe, na hapa kuna watu wanapotea. Hapo jengoni umeme unaingia na nyaya 4 tu, fezi 3 zinazoleta umeme na nyutro ya kuurudisha, ethi hatuletewi. Ukipata shoti kamili kwenye bodi ya chuma ya kifaa, volti 230 ukigawa kwa omu 18 unapata ampea kama 13. Breka ya ampea 16 itakaa na hiyo karenti siku nzima bila kutripu, yani bila kukata. Kwa hiyo kuchimbia chuma ardhini bila RCD ni nusu ya kazi, na kuweka RCD bila ethi nzima nayo tumeona inavyokuwa. Vikiwa pamoja, miliampea 30 kwenye omu 18 inanyanyua bodi ya kifaa nusu volti tu halafu inakata.

Nikaandika mapendekezo: RCD ya miliampea 30 kila flati, na kwenye mlango mkuu wa umeme RCD ya miliampea 300 yenye kuchelewa kidogo, ili ilinde waya wa ngazini lakini kosa la flati moja lisizime watu wote. Nikaomba pia tufungue waya mkuu wa ngazini tuuangalie. Hapo kikao kikawa kigumu. Wale wenye flati zilizokarabatiwa walikuwa wanasema kwao kuko sawa, kwa nini wachangie. Sikubishana nao sana, mwenyekiti mwenyewe alisimama akaeleza alichokiona alfajiri ile kwake, umeme umezimwa na mashine ina volti 80. Baada ya hapo mjadala ukawa wa jinsi ya kuchangia.

Waya mkuu ndo ulionitisha zaidi, kusema kweli. Tuliweka kifaa cha kurekodi karenti kwa wiki nzima. Jioni fezi ya kwanza ilikuwa inafika ampea 90, ya pili 40, ya tatu 35. Mwanzoni flati ziligawanywa sawa, 8 kwa kila fezi, ila miaka yote hiyo kila aliyeongeza jiko la umeme au kiyoyozi alivutiwa kutoka fezi iliyokuwa karibu. Zikiwa zimepishana hivyo nyutro inabeba karibu ampea 53, na kwenye boksi la kuunganishia la ghorofa ya 3 nyutro ilikuwa imeungwa kwa kusokota waya na kufunga tepu. Nilipima volti kati ya upande mmoja wa jointi na mwingine, nikapata 1.1. Ni namba ndogo, lakini zidisha kwa ampea 53 unapata kama wati 58, joto lote hilo liko kwenye kitu kidogo kuliko kidole gumba, ndani ya boksi lililofungwa, kila jioni. Ganda la waya lilikuwa mpira wa zamani, ukiugusa unakuwa unga.

Na joto hili linajilisha lenyewe, jointi ikipata moto shaba inashika kutu, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza moto. Karenti ikiongezeka mara 2 joto linaongezeka mara 4. Siku jointi hiyo ingeachia, nyutro ingekatika na flati za juu yake zingebaki zimening'inia kati ya fezi na fezi, wengine wapate volti 120 wengine zaidi ya 300, na kila kilichochomekwa kwa hao wa 300 kingeungua, kama si kuwasha moto. Karibu na boksi hilo nikakuta tundu lililopitisha waya kutoka ghorofa hadi ghorofa liko wazi kabisa, yani moto ukitokea pale moshi una njia ya moja kwa moja mpaka juu, na ndo ngazi hiyo hiyo watu wangekimbilia.

Fyuzi za zamani zilikuwa bado ngazini pia. Za kubadilisha waya. Waya wa fyuzi wa ampea 15 unatakiwa uwe na unene wa nusu milimita, mimi nilikuta vipande vya waya wa kawaida wa milimita za mraba 1.5, ambao hauungui mpaka karenti ipite ampea 100 huko. Simlaumu mtu mmoja kwa hili. Fyuzi imekatika usiku, duka limefungwa, mtu anaweka kilichopo mkononi, umeme unarudi, anasahau. Flati baada ya flati, miaka 40.

Kazi tuliipanga ili watu wasikae gizani. Waya mkuu mpya ulipandishwa pembeni ya ule wa zamani ndani ya trankingi mpya, yani mfereji wa kufunika waya, tukauunganisha, tukaupima, matundu ya kila ghorofa tukayaziba kwa plasta ya kuzuia moto, halafu ndo tukaanza kuhamisha flati, 4 kwa siku, ghorofa moja moja, na kila flati tukiipa fezi yake kwa mpango. Kila flati ilikosa umeme masaa machache. Nawashauri wote wanaosimamia kazi za hivi wasikubali fundi anayetaka kung'oa kwanza ndo ajenge.

Ndani ya flati sikutaka kila mtu abadilishe waya wote, hiyo ni hela nyingi na mara nyingi sio lazima. Tulichomoa vifaa vyote tukapima ganda la waya kwa mega ya volti 500, kipimo kikiwa chini ya megaomu 1 waya huo hauendelei. Flati 5 mpya zilipita. Flati 10 zilikuwa na waya wa zamani wa plastiki na zikapita, hizo zikapata bodi mpya na RCD tu, pamoja na waya wa ethi pale ulipokosekana. Flati 9 zilikuwa za mpira, 8 tulizoweza kuingia zikaanguka, moja ilisoma megaomu 0.08.

Hiyo moja ni ya mzee wa ghorofa ya 1 na hakutaka kabisa. "Kijana, nimekaa humu tangu jengo jipya, taa zinawaka, unataka kunivunjia ukuta wa nini?" Sikuvunja kitu. Nikamuomba ruhusa nifungue kishikio cha taa ya sebuleni, nikazima umeme, nikashusha waya, ganda lote likadondoka kwenye kiganja changu vipande vipande na zikabaki shaba 2 tupu zimelala karibu karibu juu ya dari ya mbao. Aliziangalia muda mrefu. Kisha akauliza tutaanza lini, na kama vitabu vyake avihamishie chumba gani.

Wiki ya kwanza baada ya kuwasha ilikuwa ya simu tu. RCD zinatripu ghorofa ya 2, ya 3, ya 6, na watu wananiambia kabla hujaja umeme ulikuwa haukatiki, na ni kweli haukuwa unakatika. Tukafuatilia moja moja. Friji ya zamani inavuja kwenye hita yake ya kuyeyushia barafu. Soketi ya balkoni imeingia maji. Na ile iliyotuchukua siku 2 nzima: taa za ngazini zilikuwa na laivu ya bodi ya jengo lakini nyutro wameazima kutoka kwenye flati ya ghorofa ya 3, kwa hiyo kila jioni taa zikiwashwa RCD ya hiyo flati inaona karenti inarudi ambayo yeye hakuitoa, inakata. Waliokuwa wanakaa hapo walishaanza kufikiria kuitoa. Niliwaomba wanivumilie, na nashukuru walinivumilia, kwa sababu RCD ikishatolewa mara moja huwa hairudi tena.

Asubuhi moja baadaye nilirudi kwa yule mama wa ghorofa ya 4, saa 12 na nusu, hita za jengo zimewaka, nikavuta tena waya wangu wa nje kupitia dirisha lile lile. Bomba lilisoma volti 0.2. Akafungua maji mwenyewe, bila ndala, akaacha mkono wake pale chini ya maji kwa muda.

Imebaki flati moja, ghorofa ya 5, iko kwenye lile kundi la mpira. Mwenyewe anaishi mbali, flati imefungwa na hajatupa ruhusa ya kuingia. Breka yake kwenye waya mkuu mpya iko off, imefungwa kwa kufuli na kuandikwa kwa nini, na ufunguo yuko nao mwenyekiti. Kamati imekubaliana haitawashwa mpaka nipime ndani.